Vijana wa boti msiwacheke, hakuna aliewaambia

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu alieandika juzijuzi kwamba vijana wa pwani Kiingereza chao cha kubahatisha na wanatutia aibu mbele ya wageni. Mie mtu wa boti, nipo Nungwi mwaka wa 19 huu nachukua watalii kwenda kuogelea na kutazama samaki, na hicho Kiingereza cha kubahatisha ndo kimenisomeshea watoto. Sikukasirika, maana makosa kweli yapo, ila nilichokikataa ni kuambiwa kwamba ni ujinga.

Naanza na la kwangu. Mwaka wangu wa mwanzo baharini bibi mmoja wa Kiingereza, mtu mzima, kapanda boti kashikilia kofia yake isipeperuke, chini ya turubai pamebaki nafasi moja tu ubavuni kwangu, akaniuliza kwa adabu zake zote "Do you mind if I sit here?" Mie nikachangamka, meno yote nje, "Yes, yes!" Yule bibi akasema sorry, akenda zake kukaa mbele kwenye jua la saa sita, nami nikabaki nashangaa mzungu gani huyu anakaribishwa kivulini anakwenda kujianika kama dagaa. Tulipofika Mnemba mabega yake mekundu kama pweza alochemshwa. Nahodha wangu ndo akanivuta pembeni akanambia wewe umemwambia mwenzio kwamba unaudhika akikaa karibu yako. Kumbe swali halikuwa "nikae?", lilikuwa "utaudhika nikikaa?", na jibu la ukarimu hapo ni "no". Hapana siudhiki, kaa.

Na lina ndugu yake hilo. Mgeni anakuuliza "Don't you have change?" na kweli huna chenji. Sisi kwetu mtu akikuuliza "huna chenji?" unamjibu "ee, sina", yaani ee umesema kweli. Sasa ukimwambia "yes" anaelewa unayo, anasimama na noti yake mkononi anakungoja utoe, na wewe unamngoja yeye, mwisho mnatizamana kama mnaodaiana. "Yes" ya Kiingereza haishughuliki kama alieuliza kapatia au kakosea, inaangalia kitu kipo au hakipo. Kipo ni "yes", hakipo ni "no", vyovyote swali litakavokuja. Maneno mawili matatu haya ningeyasikia skuli ningeepukana na magomvi mengi ya chenji, lakini sikuyasikia kwa mwalimu hata mmoja, nimeyasikia kwa nahodha ambae skuli yenyewe hakumaliza.

Walimu wetu, na nawaheshimu, wanafundisha Kiingereza kama vile mtoto kaja darasani kichwa kitupu. Mtoto kaja na Kiswahili kizima, tena Kiunguja, hichi hichi kilochukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928, leo akiingia kipindi cha Kiingereza anaambiwa akiache mlangoni pamoja na viatu. Anasema "borrow me your pen", darasa zima linamcheka. Kwani kwa nini kasema ivo? Kwa sababu kuazima kwetu ni kote kuwili, niazime kalamu yako, na kalamu hii nimeiazima kwa Asha, neno moja linakwenda na linarudi. Mwalimu anaandika ubaoni borrow na lend, anapiga mstari chini yake, watoto wananakili, kesho washasahau. Angewaambia tu achaneni na kuazima, shikeni kukopa na kukopesha, borrow ni kukopa na lend ni kukopesha, yamekwisha! Nani mtoto wa kwetu asiejua tofauti ya anaekopa na anaekopesha, na wote tumeshatumwa dukani tukaambiwa mwambie aandike, baba atakuja kulipa?

Na hiyo "sha" ya mwisho ukiishika inafungua milango mingi. Remember ni kukumbuka, remind ni kukumbusha. Bored na boring ndo usiseme, kijana wangu mmoja siku hatuna safari alimwambia mgeni "I am boring", akikusudia kachoka kukaa bure, kumbe kajisema yeye ni mtu wa kuchosha wenziwe, na yule mgeni maskini akaanza kumliwaza, hapana wewe mbona unachekesha. Kuchoka na kuchosha, ile ile. Mkutano unaochosha ndo boring, uliechoshwa nao ndo bored. Kiingereza hakina kamkia kamoja ka kubandika kila pahala kama sisi, mara kinabadilisha mwisho wa neno, mara kinatafuta neno jengine kabisa, na mara nyengine hakitafuti kitu, tizama "rent", anaisema anaekodi nyumba na mwenye nyumba anaekodisha anaisema hiyo hiyo. Hiyo ndo kuazima yao.

Mengine nayapita mbio. "Few guests" ni wageni wachache, biashara mbovu, "a few guests" ni wageni kadhaa, alhamdulillahi, na "quite a few" ni wengi, usiniulize imekuwaje. "By Friday" ni Ijumaa isipite, "until Friday" ni unaendelea nayo mpaka Ijumaa, kwa hiyo yule fundi alomwambia mwenye boti "I will fix the engine until Friday" alimuahidi kuichokonoa siku tano, kupona hakukutajwa.

Lilonifanya nishike kalamu hasa ni la mtoto wa dada yangu. Kenda intavyuu hoteli moja huku kaskazini, shati kapiga pasi mara mbili, akaulizwa yeye kwenye kazi ni mtu wa namna gani, akajibu kwa sauti nzuri kabisa "I used to work hard". Anasema wale waliokaa mezani wakatizamana, mmoja akaandika kitu. Yeye alitaka kusema nimezoea kufanya kazi kwa bidii, na alichosema ni zamani nilikuwa nikifanya kazi kwa bidii, yaani siku hizi basi tena. Kilichomponza ni "am" moja na mkia wake, "I am used to working hard". Ukiiweka "am" ni nimezoea, na work inavaa "ing". Ukiitoa ni zamani nilikuwa, na work inabaki tupu. Jioni alivonihadithia barazani nilicheka mpaka kikombe cha kahawa kikanimwagikia, halafu nikamuonea huruma, maana kazi hakuipata na hakuna alomwambia sababu.

Huyo msomaji wenu aende Forodhani usiku upepo ukivuma, awasikilize wageni wanaokuja kusoma Kiswahili pale SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa Zanzibar. Mmoja anasema "mimi ni baridi", mwenziwe anasema "mimi ni njaa", njaa yenyewe imesimama mbele yako na kamera shingoni! Tunacheka kidogo, tunamwambia sema naona baridi, sema nasikia njaa, anauziwa urojo wake, maisha yanaendelea. Sijamuona aliekwenda gazetini kusema wageni wanatutia aibu.

Ombi langu, Mhariri, mtutengee kijipembe kila wiki, msemo mmoja tu wa Kiingereza unaotuchanganya, lakini uanzie kwenye Kiswahili, aelezwe mtu kwetu tunasemaje na kwao inageuka wapi. Mwalimu atakaekubali kuandika atapata wasomaji huku kuliko anavodhani, vijana wa boti wanasoma sana wakingoja maji yajae. Akikosekana mwalimu nahodha wangu keshastaafu, kutwa yuko barazani, nitamuuliza yeye na kuandika nitaandika mie.

Yule kijana kaitwa intavyuu nyengine wiki ijayo, meseji imeandikwa 10 am. Kaja kuniuliza, mjomba, wanafungua saa kumi ya alfajiri hawa? Nimemwambia toa sita, ni saa nne, na hiyo "am" ya kwenye saa siyo ile nilokufundisha juzi.

Wasalaam,
Mtu wa boti,
Nungwi, Unguja