Muda wa nyongeza hauamii ndege

Ndugu Mhariri,

Ile taarifa yenu kwamba vyuo vikuu vilizembea na fedha za utafiti tangu korona imenifanya nishike kalamu baada ya kunyamaza miaka mingi. Mwandishi wenu alihesabu fedha zilizotolewa na makala zilizochapishwa, akagawanya, akamaliza. Hakuuliza Dodoma ina misimu mingapi ya mvua.

Ni mmoja tu, Desemba hadi Aprili. Vyuo vilifungwa katikati ya Machi 2020, vikafunguliwa Juni 1. Sasa chukua jaribio la mbegu za mtama lililopandwa mwishoni mwa Desemba, tuseme upande wa Hombolo: aina 20, marudio matatu, vitalu 60. Machi ndiyo yenye kazi. Kila kitalu kinaandikiwa siku ya kuchanua, mimea inapimwa urefu, masuke yanafungwa mifuko ya kaki kabla hayajachanua ili chavua ya jirani isiingie. Punje zikifika hatua ya maziwa, kwelea kwelea wanashuka, na lazima wawepo watu wa kuamia kuanzia alfajiri hadi magharibi. Si lazima shamba lote liliwe. Ndege wakimaliza vitalu vya pembeni tu, huwezi tena kusema kama aina fulani imezaa kidogo kwa sababu ya mbegu au kwa sababu ya ndege. Tarehe ya kuchanua nayo ikishapita haiandikwi kwa kukisia. Jaribio linarudiwa, na kurudia maana yake ni kusubiri Desemba nyingine. Miezi miwili na nusu kwenye kalenda yenu ni mwaka mzima shambani, na kwa mwanafunzi wa uzamili ni nusu ya masomo yake!

Wafadhili wengi waliongeza muda bila kuongeza fedha. Muda haumlipi kibarua wa kupalilia. Kisha 2021 Uingereza ikashusha misaada yake kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi 0.5, na Machi mwaka huo shirika lake la ruzuku za utafiti, UKRI, likatangaza pengo la pauni milioni 120. Miradi iliyokwisha kusainiwa ikatakiwa kupunguza bajeti. Mhadhiri wa Dodoma alizembea wapi hapo?

Maabara nako ni hivyo hivyo. Vimeng'enya vya kupima vinasaba hutunzwa nyuzi 20 chini ya sifuri na husafirishwa kwenye barafu kavu, ambayo huisha ndani ya siku chache. Ndege za abiria za kimataifa zilisimama Aprili 2020. Boksi likichelewa wiki moja, kilichomo ni cha kutupa. Hadi leo mizigo ya namna hiyo hukwama forodhani kwa kukosa karatasi moja ya msamaha wa kodi, na hilo halijawahi kuandikwa gazetini kwenu.

Napendekeza mkataba wa kila mradi wa shambani uwe na kifungu cha msimu uliopotea: ujira wa vibarua wa msimu mmoja uwekwe kando tangu siku ya kwanza, usiguswe kwa warsha wala safari. Kila kijiji chenye jaribio, vijana wawili wafundishwe kusoma ramani ya vitalu, kuandika tarehe kwa penseli, maana wino hufutika kwa mvua, na kupima mavuno yakishakauka hadi unyevu wa asilimia 12. Chuo kikifungwa tena, wao wabaki shambani na daftari.

Mtafiti wa mazao,
Dodoma