Muvi za magauni marefu za kwenda nazo ukweni Krismasi hii

Rehema shoga yangu,

Mambo vipi? Mi mzima, mafua tu ndo yamenikaba. Meseji yako niliiona juzi nikasema hii siwezi kuijibu juu juu, ngoja nikae chini nimwandikie huyu mtu barua kabisa. Umeniuliza nikutajie muvi na tamthilia za enzi zile za kutazama kipindi cha Krismasi, afu hapo hapo ukaongeza eti zile za watu kunywa chai na kuinamiana huzitaki. Sasa shoga, ukitoa chai na kuinamiana umebakiza nini? Umebakiza farasi.

Ila nimekuelewa, unaogopa kusinzia. Na umesema mwaka huu wiki nzima uko kwa wakwe, na mashemeji wote wanakuja. Basi wewe ndo mtu wa hizi muvi hasa, maana zile nzuri za Krismasi zote ni hivyo hivyo: nyumba moja, ndugu wamejaa, nje theluji hakuna wa kusema naondoka zangu, na kila mtu ana lake moyoni. Lazima lipasuke tu. Mi nikichagua siangalii mti wala mishumaa, naangalia nani kafungiwa na nani.

Anza na The Lion in Winter, ile ya 1968 nakuomba, usiende kwenye nyingine. Ni Krismasi ya mwaka 1183, mfalme Henry wa Pili wa Uingereza yuko kwenye ngome yake ya Chinon kule Ufaransa, ana watoto watatu wa kiume wakubwa na kila mmoja anajiona yeye ndo mrithi, mfalme kijana wa Ufaransa naye kaja mgeni, hawara wa mzee yupo hapo hapo mezani, afu mkewe Eleanor, ambaye mumewe mwenyewe kamfunga miaka, anatolewa kifungoni kwa ajili ya sikukuu tu kisha arudi. Yaani mke anapewa likizo ya Krismasi kutoka jela na aliyemfunga ndo anampokea! Peter O'Toole na Katharine Hepburn, ndo mfalme na mkewe, wanavyochambana humo, halafu dakika mbili baadaye unaona bado wanapendana wale, inachanganya na ni tamu. Hepburn alipata Oscar kwa hiyo, akalingana kura na Barbra Streisand wakapewa wote wawili. Kuna jambo moja nkwambie usije ukabishana na shemeji yako mwalimu: kikao chenyewe cha Chinon kimetungwa, ila watu ni wa kweli, na wawili kati ya wale vijana, Richard na John, walikuja kuwa wafalme kweli. Na chai hamna hata tone, wakati huo Ulaya walikuwa hawaijui. Umefurahi?

Ukitaka ya kucheka, Emma. Kitabu ni cha 1815 na kimetengenezwa mara kibao, mi nakushauri ya 2020 kwa rangi na magauni, au ile ya BBC ya 2009 ya Romola Garai kama una muda, ni vipande vinne. Mkesha wa Krismasi Emma na jamaa zake wamealikwa chakula cha usiku, theluji ikaanza, watu wazima wakapagawa kama vile dunia inaisha, na kwenye kitabu theluji yenyewe sehemu nyingi haikufika hata nusu inchi! Kwenye ile haraka ya kuondoka, Emma anajikuta peke yake ndani ya gari la farasi na mchungaji aliyekunywa mvinyo, na miezi yote hiyo yeye anamtafutia yule mchungaji mke, kumbe mwenzie alikuwa anajua anatakwa na Emma mwenyewe. Mlango umefungwa, gari linakwenda, huwezi kushuka. Nimerudia hicho kipande sijui mara ngapi, uso wa Emma ukiuona utadhani kameza nzi.

Downton Abbey, ile tamthilia ya matajiri wa Uingereza na watumishi wao, najua uliacha katikati ya msimu wa kwanza. Rudi. Mimi hapa sina subira na wewe kabisa. Kila mwaka kuanzia 2011 mpaka 2015 walikuwa wanaonyesha kipande kirefu siku yenyewe ya Krismasi, na kile cha 2011 ndo bora kuliko vyote kwa maoni yangu: ni Krismasi ya 1919, vita vimeisha, mtumishi wao mmoja yuko gerezani anangoja kesi ya mauaji na juu huku wanafungua zawadi, na Mary, binti mkubwa wa nyumba, ana siri ya miaka ambayo akimwambia Matthew anayempenda atamkosa na asipomwambia ndo hivyo tena. Mwisho wake uko nje kwenye theluji usiku, sisemi zaidi. Ila cha 2012, nakusihi, usikitazame tarehe 25. Hata Krismasi yenyewe haimo, wamekwenda Uskochi kutembelea ndugu, unastarehe, unaona mambo mazuri, umekaa zako na sahani mapajani... tazama tarehe 27 uwe umeshashiba na umeshajipanga.

Little Women ndo pekee ninayokuambia tazameni wote pamoja na mama mkwe awepo, kwa sababu humo mtu aliyefungiwa nje ni baba, yuko vitani Marekani, na Krismasi inafika nyumbani wamebaki mama na mabinti wanne na hela hamna. Asubuhi wanabeba kifungua kinywa chao chote wanampelekea mama mmoja mhamiaji mwenye watoto wengi na njaa. Mi nilitazama ile ya 1994, ya Winona Ryder, mama yangu akapita akaniuliza hao nao wanalia nini, akakaa pembeni ya kochi "kidogo tu", hakuinuka mpaka imeisha, na Beth, yule binti wa tatu, alipoumwa nikasikia mtu anavuta pua na siyo mimi. Ya 2019 ni nzuri pia, magauni yake yalichukua Oscar, lakini inaruka mbele inarudi nyuma, kama hujui hadithi utapotea, kwahiyo iwe ya pili.

Scrooge, yule mzee bahili wa hadithi ya Krismasi, na mizimu yake watakuwa kila chaneli, huhitaji ushauri wangu. Ukipata ya Alastair Sim ya 1951 ndo yenyewe. Au ile ya Muppet ya 1992, Michael Caine anaigiza na midoli ya manyoya na uso wake mkavu kama yuko mahakamani, watoto wa shemeji watatulia.

Sasa ya mwisho, na hii ni ya kwako peke yako usiku wenzio wamelala. Fanny and Alexander, ya Ingmar Bergman, 1982, Kiswidi, utasoma maandishi chini. Iko ya sinema ya zaidi ya saa tatu, na iko ya televisheni ya dakika 312, tafuta hiyo ndefu. Imeanza mji wa Uppsala, Krismasi ya 1907, familia ya watu wa tamthilia, ukoo mzima wanacheza wameshikana mikono wanapita chumba hadi chumba. Hapo unacheka tu. Baadaye baba anafariki, mama anaolewa na askofu, na zile nyumba mbili, ile yenye mapazia mekundu na ile ya askofu yenye kuta tupu, utazikumbuka mpaka uzeeni.

Ila usiwashe mbele ya mama mkwe, nimekuonya! Kuna mjomba mmoja anamkimbilia mfanyakazi wa ndani na mkewe anajua, afu kuna ndugu yake, msomi kabisa, anawachukua watoto kwenye ngazi anawaonyesha mchezo wa kuzima mishumaa, na hatumii mdomo.

Ukifika hapo nitumie meseji hata kama ni saa nane usiku. Na mama mkwe akiuliza nani kakuelekeza mambo haya, mi hanijui.

Wako,
shoga yako mwenye mafua