Barua kwa wanangu wa diplomasia: yule binti alinyanyua mkono

Wanangu, tangu Jumamosi nimekasirika.

Mliniita kwenye mdahalo wenu hapa Mombasa, nikatoa buibui jipya, nikakaa mbele. Mada wanawake wa Kiarabu na diplomasia. Jukwaani vijana watano, wanaume watupu, tai zimewakaba, mmoja anasema wanawake wa Kiarabu hawana sauti, maskini, wasaidiwe. Huku nyuma kuna binti, mama yake Mhadhrami, Mwarabu wa asili ya Yemen, kanyanyua mkono mpaka anaushikilia kwa mkono wa pili, emsii anasema muda umekwisha twendeni chai. Sauti hana au mlimnyima maiki?

Na si nyinyi tu. Disemba 2018 wakubwa walikutana Sweden kuzungumzia vita vya Yemen, Sweden hiyohiyo iliyotangaza 2014 kwamba sera yake ya nje inatetea wanawake, na kwenye ujumbe wa pande zote mbili mwanamke alikuwa mmoja tu, Rana Ghanem wa upande wa serikali. Mmoja! Wenzake wakaitwa washauri, wakakaa pembeni. Na wale si wageni wa siasa jamani, Tawakkol Karman, mwanaharakati wa Yemen, alipata Nobel ya Amani 2011, mazungumzo ya kitaifa kule Sanaa, mji mkuu wa Yemen, yalipoanza 2013 wanawake walishika zaidi ya robo ya viti. Bunduki zikishalia ndo wanaambiwa subirini nje.

Halafu ile picha ya Reema bint Bandar, balozi wa Saudia Washington tangu 2019, mliyoirusha ukutani mkapiga makofi. Haya, mie pia nampenda. Lakini mwaka huohuo Loujain al-Hathloul, mwanaharakati wa Saudia hiyohiyo, alikuwa jela, alikamatwa Mei 2018, wiki chache tu kabla wanawake wa huko hawajaruhusiwa kuendesha gari, jambo alilolipigania yeye. Mbona yake hamkuirusha?

Mengine kwa kifupi. Azimio 1325 la mwaka 2000, lile la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake, amani na usalama, lisomeni lote. Jifunzeni Kiarabu. Acheni kuwaonea huruma watu waliowazidi ujasiri. Na sisi wenyewe tuulizane, serikali zetu zikisaini mikataba ya kupeleka mabinti kazi za ndani Ghuba, mezani anakaa dada gani aliyewahi kufua nguo za watu Riyadh?

Yule binti nilimfuata kwenye chai. Alikuwa na karatasi kaikunja mara nne, maswali matatu, mazito kuliko hotuba zenu zote. Mdahalo ujao anakaa jukwaani, mmoja wenu wa tai ampishe kiti.

Shangazi yenu.