Siku niliyokwenda bungeni kwa sababu ya choo

Ijumaa, 26 Septemba 2025

Shosti wangu,

Salamu nyingi huko Doha, wewe na joto lenu. Ile voisi uliyonitumia nimeisikiza mara mbili na mara zote nimecheka, ile ya kuuliza ati hawa MCA, wajumbe wetu wa bunge la kaunti, hufanya nini kutwa nzima zaidi ya kunywa chai na kuzunguka na magari yenye vioo vyeusi. Basi leo jibu ninalo. Juzi Jumatano nimeenda mwenyewe bunge la kaunti, nikakaa kule kwa wageni kuanzia asubuhi mpaka jua linapunguka, na hii habari haiwezi kuingia kwa meseji ndo maana nakuandikia barua, tafuta siku yako ya ofu uisome umelala.

Unakikumbuka choo cha soko? Ulipoondoka kilikuwa ndo kinapakwa rangi. Mgeni rasmi alikuja akakata utepe, tukapigwa picha, kumbe maji hayajavutwa, wakatia kufuli na ile kufuli mpaka leo iko, imeshika kutu. Sisi huwa tunaenda kuomba msikitini, ama pale kwa hoteli ya kona ambapo lazima ununue chai ndo upewe ufunguo, na ukishakunywa chai baada ya saa moja unarudi tena kununua nyingine. Hesabu mwenyewe.

Sasa wenzako sokoni wakachoka. Kikundi kikakaa, wakanifanya mimi katibu kwa sababu eti naandika herufi zinazosomeka, na kuna kijana mmoja mwanasheria mteja wangu wa mitumba akatuambia sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inamruhusu mwananchi yeyote kupeleka petisheni, yaani ombi rasmi, kwa bunge la kaunti, si lazima uwe mtu mkubwa. Tukaandika. Watu wakatia sahihi, wengine dole gumba. Nikapeleka kwa ofisi ya karani, ikarudishwa! Ati hatukusema kama hilo jambo liko kortini ama haliko, na hatukuonyesha kama tulijaribu kwanza kulalamika kwa idara yenyewe. Nikasema mama yangu, choo kiende kortini kufanya nini? Lakini ndo utaratibu wao, nikaandika upya, nikaambatisha barua zetu za zamani ambazo hazikujibiwa, ikakubaliwa. Wiki jana nikapigiwa simu kwamba itasomwa Jumatano asubuhi. Jumatano wana vikao viwili, saa tatu asubuhi na saa nane unusu mchana, siku zingine ni mchana tu.

Nikavaa buibui lile la Idi, nikafika mapema. Mlangoni unapekuliwa mkoba, simu unazima, na askari anakusomea masharti: usipige makofi, usipige kelele, usisimame ovyo. Nikauliza na nikikohoa je, akanitazama tu.

Unajua kile kirungu cha dhahabu wanachotembea nacho mbele ya Spika, kwa Kiswahili chao wanakiita siwa. Sasa mimi mtu wa pwani nikisikia siwa akili yangu inaenda Lamu kwa zile pembe za kale pale makumbusho, ile ya Pate ya pembe ya ndovu, kwa hivyo askari alipopaza sauti watu wote wasimame nikategea nisikie inapulizwa. Wapi. Kirungu kikapita kimya kikalazwa juu ya meza, Spika akasoma dua, basi. Nimeambiwa bila hicho kirungu juu ya meza hakuna bunge, ni watu wamekaa tu.

Halafu shosti, baada ya dua tu, kazi ikasimama! Mmoja akainuka akasema Bwana Spika hakuna akidi. Akidi ndo idadi ya watu inayotakiwa ili kikao kiendelee, na yao ni thuluthi moja ya wanachama wote, na mimi kutoka kule juu nilishahesabu vichwa nikaona viti vitupu ni vingi kuliko watu. Kengele ikaanza kulia nyumba nzima, dakika kumi hivi, na sasa ndo ukaona wanatokea mmoja mmoja, huyu anafuta mdomo, huyu anafunga kifungo cha koti, mwengine bado ana simu sikioni. Nikakukumbuka wewe na chai yako nikajiziba mdomo.

Petisheni yetu ilikuja mapema kwenye oda pepa, ile orodha ya shughuli za siku. MCA wetu akaisoma, na wallahi nilitetemeka kusikia maneno niliyoyaandika juu ya gunia la nguo yanasomwa kwa maikrofoni na yanaandikwa kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za bunge. Dakika tatu, labda nne. Wakapewa nafasi wachache kuchangia. Wa kwanza akasema hii petisheni ni muhimu sana, halafu dakika zake zote akaongea habari ya barabara ya wadi yake. Wa pili alianza kwa Kiswahili kizuri akapata joto akaingia Kiingereza, Spika akamkatiza, lugha uliyoanza nayo ndo unamaliza nayo, chagua. Jamaa akarudi Kiswahili lakini moto ukawa umezima, akaketi. Spika akasema petisheni imepelekwa kwa kamati inayohusika na biashara, wana siku 60 za kujibu. Next. Hakuna aliyepinga wala aliyeahidi kitu, na mimi moyoni nikasema ndo hiyo tu? Nimefunga biashara siku nzima kwa dakika tatu?

Yaliyofuata sitakuchosha nayo. Ripoti ziliwekwa mezani, mmoja akauliza mbona zahanati yao haina dawa akaambiwa jibu halijawa tayari, ikasukumwa wiki ijayo.

Saa sita nikataka kuondoka, nikakutana na MCA wetu kwa ukumbi. Nikamwambia asante mheshimiwa, akaniuliza mbona unaenda, mambo yenu hasa ni mchana. Mambo gani? Mswada wa Fedha, akasema, ada ya soko inapanda. Shosti, nilikaa kwa kile kiti cha plastiki bila kukaribishwa. Sisi tunajua Mswada wa Fedha ni ule wa Nairobi ambao vijana waliandamana 2024, kumbe kila kaunti ina wake kila mwaka! Ndani yake ndo mna bei ya kila kitu, leseni ya duka, maegesho, kuchinja mbuzi, na ile risiti ya soko tunayokatwa na kanjo, askari wa kaunti, kila asubuhi. Inataka kutoka shilingi 30 iwe 50. Nikamuuliza mbona hatukuulizwa, akasema mliulizwa, tangazo lilikuwa gazetini, maoni yakachukuliwa ukumbi wa makao makuu siku ya kazi saa nne asubuhi. Saa nne! Saa nne asubuhi mwanamke gani wa soko ameacha meza yake. Na gazeti sisi tunalijua la kufungia ndimu.

Basi nikabaki. Nikanunua mahamri nikala nje chini ya mwarobaini nikarudi.

Mchana ndo nikaona bunge lingine kabisa. Spika aliondoka kwa kiti chake, siwa ikatolewa juu ya meza ikashushwa chini yake, maana yake sasa ni kamati ya bunge zima, wanapitia mswada kifungu kwa kifungu. Hapa hakuna hotuba tamu. Mwenyekiti anataja kifungu, anauliza kama kuna marekebisho, hakuna, ndio, la, ndio wameshinda, kifungu kinachofuata. Kasi kama mtu anahesabu mayai. Nikaelewa ndo hivi vitu hupita, ukisinzia dakika mbili leseni yako imeshapanda.

Wakafika kwa jedwali la ada za soko na mama mmoja akasimama. Sasa huyu mama nikuambie ukweli, ni MCA wa kuteuliwa, hana wadi, ni wale wanaoingia kwa orodha ya chama ili jinsia moja isizidi thuluthi mbili kama katiba inavyotaka, na sisi sokoni tunawaita MCA wa bonasi. Mimi mwenyewe nilishamtania hivyo, tena akiwa amesimama kwa meza yangu anachagua dera, na akanunua. Ndo huyo. Alikuwa na karatasi zake zimewekwa alama kwa kalamu nyekundu, akasema anapendekeza 50 ifutwe ibaki 30, kwa sababu katiba ibara ya 209 inaipa kaunti nguvu ya kutoza ada kwa huduma inazotoa, akarudia, kwa huduma inazotoa, na asubuhi hii hii tumesomewa petisheni ya soko ambalo choo chake kina kufuli. Tunawatoza 20 zaidi za nini, za kuangalia kufuli?

Wakakanyaga sakafu kwa miguu, maana wao hawapigi makofi. Na mimi siruhusiwi hata hicho, mikono niliikalia.

Kiongozi wa walio wengi akajibu, na sitamsema vibaya kwa sababu alichosema kina ukweli. Bajeti walishaipitisha mwezi wa sita, na ndani ya bajeti wameshahesabu hizo pesa za ada mpya, kwa hivyo ukiondoa 20 hapa lazima kuwe na shimo pahali, labda kwenye dawa za hiyo hiyo zahanati ya asubuhi. Kaunti ikitegemea mgao wa serikali kuu Nairobi peke yake haifiki mbali, na ule mgao wenyewe unajua unavyochelewa. Hayo nilimkubalia. Lakini nikajiuliza mbona shimo lianze kuzibwa na muuza mchicha.

Hesabu ya watu ikawa inaelekea kwetu, maana walikuwa wachache ndani. Na hapo mmoja wa upande ule akainuka, akidi! Ujanja huo nilishaujua saa ile, mwanafunzi wa siku moja. Ama walitaka kikao kivunjike wapange upya, ama walitaka wenzao waingie wawazidi nguvu. Kengele ikalia tena. Na hawa watu, shosti, walikuwa wapi? Wanakunywa chai. Wakaja kwa haraka, na wengi wa waliotoka kwa chai walikuwa ni wale wa wadi zenye masoko, watu ambao 2027 watarudi kwa meza zetu kuomba kura na wanajua mdomo wa mwanamke wa soko ulivyo. Mwenyekiti akauliza swali, sauti ya ndio na sauti ya la zikagongana, akauliza mara ya pili, ndio ikajaa chumba. Ikabaki 30. Kwa hivyo usiitukane tena ile chai, ndo iliyotusaidia.

Kuna jambo lingine lilitusaidia ambalo nilielezwa baadaye na huyo kijana mwanasheria. Mswada wa Fedha lazima upite ndani ya siku 90 baada ya sheria ya matumizi, ile ya bajeti, kupitishwa, na yetu ilipita 30 Juni, kwa hivyo mwisho ni Jumapili hii tarehe 28. Hawakuwa na siku za kupigana. Spika alirudi, siwa ikapandishwa tena juu ya meza, mswada ukasomwa mara ya tatu jioni ile ile, kwisha.

Nikashuka mbio nimpate yule mama. Nilimkuta kwa parking anatafuta ufunguo wa gari kwenye mkoba, nikataka kusema maneno mengi, nikajikuta namuuliza lile dera lilimtosha? Akacheka, akasema lilimbana mabegani. Nimemwekea lingine, na sitachukua pesa, na sitamwita tena bonasi, angalau si mbele za watu.

Lakini usipige vigelegele bado. Gavana ana siku 14 za kutia sahihi ama kuurudisha na maoni yake, na akiurudisha wanaanza mzozo tena. Jana asubuhi kanjo alikuja, nikampa 30 yake na hadithi nzima juu, akaniambia yeye hana habari na bunge, yeye ana mashine, mashine ikisema 30 ni 30 na ikisema 50 ni 50. Mama wa viazi akamuuliza na ikisema sufuri?

Choo chenyewe ndo hivyo, kiko kamatini. Karani aliniambia kamati inaweza kuja kukagua, wataandika ripoti, ripoti itajadiliwa. Siku 60 zinaisha 23 Novemba na hiyo nayo ni Jumapili, nimeizungushia kwenye kalenda ya ukutani kwa lipstiki kwa sababu kalamu ilikuwa imekwisha wino. Watoto wanadhani ni harusi.

Mama yako ni mzima, nilimpitia jana, anasema umpigie mapema kabla hajalala si saa zile zako. Zile pesa za mzigo nimezipata, nitakuandikia hesabu yake mbali. Na Desemba ukija, kuja sokoni moja kwa moja kama ulivyosema, lakini nyumbani kwenu usinywe kitu kabla ya kutoka.

Ni mimi mwenzio wa meza ya pili,
katibu