Anwani yangu sikupi: barua ya wazi kwa mpwa wangu wa Arusha

Mpwa wangu,

Salamu kutoka mji wa Reading, Uingereza. Huku sisi wazima, ni baridi tu inayotusumbua, na mama yako kaniambia kwenye simu kuwa nanyi hamjambo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, mrefu kama ulivyokuwa. Unataka kuandikisha kampuni Uingereza, ya kutengenezea wakala wa safari mfumo wa kupokea maombi ya wageni, huku wewe mwenyewe ukibaki hapo Arusha, na unaniomba anwani ya nyumba yangu uitumie. Nakujibu hadharani kwa sababu si wewe peke yako. Yupo shemeji wa rafiki yangu Mombasa, yupo kijana aliyekuwa akisali nasi hapa kabla hajarudi Bukoba, na wote mnauliza jambo lile lile kwa maneno yale yale, kana kwamba mmetazama video moja. Jina lako silitaji, usiwe na hofu.

Jibu la ombi lako ni hapana. Usinune, soma kwanza.

Kuandikisha kwenyewe hakuna ugumu, na hapo walimu wako wa mtandaoni wamekuambia kweli. Sheria ya Makampuni ya 2006 haiulizi mkurugenzi ni raia wa wapi wala analala wapi. Inataka awepo angalau mkurugenzi mmoja aliye binadamu, mwenye miaka 16 au zaidi. Hisa moja ya pauni moja inatosha. Ada ya mtandaoni ilikuwa pauni 12 kwa miaka mingi, Mei 2024 ikapanda hadi 50, na Februari 2026 ikafika 100. Bado si fedha ya kumfanya mtu auze ng'ombe.

Kilichobadilika ni kwamba zamani msajili, yaani Companies House, alikuwa akipokea alichoandikiwa na kukiweka kwenye daftari bila kukihakiki. Matapeli wakajaa humo. Sheria mpya ya 2023 ikaja kufunga mlango, na tangu tarehe 18 Novemba 2025 kila mkurugenzi mpya lazima athibitishwe utambulisho wake kwanza, popote alipo duniani. Ukiwa na ile pasi ya kielektroniki ambayo Tanzania ilianza kuitoa 2018 unaweza kujithibitisha kwa simu, au umlipe wakala aliyeidhinishwa akufanyie. Kwa hiyo yule wa kwenye video anayekuambia atakuandikisha kwa jina la mtu mwingine "ili iwe haraka", mkimbie.

Sasa anwani. Wewe unadhani ni mstari mmoja tu wa kujaza kwenye fomu. Tangu Machi 2024 sheria inataka anwani iwe mahali ambapo barua ikifika inatarajiwa imfikie mtu wa kampuni, na ambapo anaweza kuisaini kuwa ameipokea. Sanduku la posta halikubaliki. Ukishaandika nyumba yangu, inakaa kwenye daftari la wazi ambalo mtu yeyote duniani analisoma bure. Barua ya mamlaka ya mapato yenye namba yako ya mlipakodi inakuja kwa posta, hapa mlangoni. Msajili akikutumia namba ya siri ya kuingilia mtandaoni, nayo inakuja hapa. Akikuandikia anayekudai, au mahakama, ni hapa hapa. Mimi natoka kazini saa kumi na mbili jioni, na mkataba wangu wa kupanga unasema nyumba ni ya kuishi, siyo ya biashara. Msajili akiona anwani haifai anaihamishia kwake, halafu una siku 28 tu za kuleta nyingine pamoja na ushahidi, la sivyo anaanza kuifuta kampuni yako. Zipo ofisi zinazouza huduma ya anwani kwa malipo ya mwaka, zinapokea barua na kukutumia nakala. Hiyo ndiyo kazi yao. Nenda kwao.

Lakini hata ningekupa, ningekuwa nimekusaidia kwenye kitu kidogo kuliko vyote. Kubwa ni hili ulilolisema katikati ya ujumbe, tena kwa furaha: "Shangazi, huko kodi ya kampuni ni asilimia 19, huku 30."

Ni kweli hapa faida isiyozidi pauni 50,000 hutozwa asilimia 19, na ikivuka 250,000 ni 25. Ni kweli pia kwamba Tanzania kiwango ni 30. Ulichoruka ni kwamba Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya 2004 haiangalii cheti peke yake. Kampuni inahesabiwa kuwa mkazi wa Tanzania ikiwa imeundwa huko, au ikiwa uongozi na maamuzi yake yanafanyika huko wakati wowote ndani ya mwaka. Sasa niambie, nani atakayeamua bei, atakayesaini mikataba, atakayeajiri yule rafiki yako wa kuchora kurasa za tovuti? Ni wewe, na uko Njiro, hapo Arusha. Maana yake cheti kitasema Cardiff, mji wa Wales iliko ofisi ya msajili, na TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, watasema Arusha, na wote wawili watakuwa sahihi. Uingereza itakudai kwa sababu kampuni imezaliwa kwake. Tanzania itakudai kwa sababu mwenye kuiendesha yuko kwake. Kenya na Uingereza zina mkataba wa kuzuia mtu asitozwe mara mbili, kwa hiyo yule wa Mombasa ana pa kushika. Tanzania na Uingereza hazina. Ipo nafasi ya kuomba upunguziwe kile ulichokwisha lipa kwingine, lakini nani ampishe mwenzake kwenye shilingi ipi, hilo ni la mhasibu, na mhasibu hafanyi bure.

Kuna moja lililonichekesha, nisamehe. Kampuni ya nje inayofungua mahali pa biashara Tanzania inatakiwa ipeleke nyaraka zake BRELA, wakala wa usajili wa makampuni wa Tanzania, ndani ya siku 30. Kwa hiyo kampuni yako itaondoka Arusha, itavuka bahari, itapewa cheti Wales, halafu irudi Arusha kupanga foleni kama mgeni, na aliyeishika mkono ni wewe mwenyeji!

Hata ukiacha kodi, nilisikia umesema utakuwa "unatoa ya matumizi" kwenye akaunti ya kampuni. Hapo nikasimamisha ujumbe. Mwaka 1896 mahakama ya juu ya hapa iliamua kesi ya Aron Salomon, mfanyabiashara wa buti London. Aliiuzia kampuni yake mwenyewe biashara yake mwenyewe. Hisa 20,001 zilikuwa zake, na mkewe na watoto watano kila mmoja alipewa moja, maana sheria ya wakati ule ilitaka watu saba. Biashara ikafa, wadai wakasema huyu na kampuni ni kitu kimoja, alipe kutoka mfukoni. Majaji wakakataa: kampuni ni mtu mwingine kabisa, ingawa karibu yote ni yake. Watu husimulia kesi hii kwa kufurahia kwamba Salomon alipona. Mimi nakutajia upande wa pili. Ikiwa kampuni ni mtu mwingine, basi fedha yake ni ya mtu mwingine. Ukiichukua, iwe ni mshahara, au gawio linalotokana na faida iliyopatikana kweli, au mkopo ulioandikwa. Ofisini kwetu, ambako kazi yangu ni kuandika vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wadogo, nusu ya maumivu ya kichwa yanatokana na watu waliosoma nusu ya kwanza tu ya kesi hiyo.

Kisha kuna kalenda. Kila mwaka unapeleka taarifa ya uthibitisho, ya kusema maelezo ya kampuni yaliyo kwenye daftari bado ni sahihi, na ada yake sasa ni pauni 50. Unapeleka hesabu, hata kama hukuuza chochote. Ukianza biashara una miezi mitatu ya kuijulisha mamlaka ya mapato. Hesabu zikichelewa siku moja faini ni pauni 150, zikipita miezi sita ni 1,500, na ukirudia mwaka unaofuata inakuwa mara mbili. Ukinyamaza kabisa, msajili anaifuta kampuni. Na hapa wengi hawaamini mpaka niwaonyeshe kwenye maandishi: kampuni ikifutwa, kilichobaki kwenye akaunti yake si chako. Kinahesabika kuwa mali isiyo na mwenyewe, kinakwenda kwa Mfalme. Kukirudisha inawezekana, ila kwa maombi, ada na miezi ya kusubiri. Hebu fikiria malipo ya msimu mzima wa Julai na Agosti, pale wageni wa Serengeti wanapokuwa wengi, yakifuata njia hiyo kwa sababu barua ilikwenda kwa shangazi naye alikuwa likizo.

Benki nayo ulidhani inakuja pamoja na cheti. Haiji. Benki nyingi za mitaani hapa zinataka mkurugenzi awe mkazi wa Uingereza. Zile kampuni za fedha za kwenye simu zinakubali baadhi ya nchi na kukataa nyingine, na orodha zao hubadilika bila kupiga hodi. Tena Tanzania ilikuwa kwenye orodha ya uangalizi ya kikosi cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, FATF, tangu Oktoba 2022 hadi Juni 2025. Kenya iliingizwa Februari 2024. Nchi ikitoka kwenye orodha, tabia ya afisa wa benki haitoki siku hiyo hiyo. Utaulizwa mkataba wa mteja, ankara, chanzo cha fedha, picha ya ofisi, na ukijibu kwa kusitasita akaunti inafungwa bila maelezo. Kwa hiyo ulizia benki kabla ya kuandikisha. Watu hufanya kinyume, wanabaki na cheti kizuri kisicho na mahali pa kupokelea pauni.

Viza umeuliza kwa kupitapita, nami nitajibu hivyo hivyo: cheti cha kampuni hakikupi viza.

Najua sasa unafikiria Marekani. Jimbo la Delaware litakuandikisha haraka vilevile, na litataka dola 300 kila mwaka hata ukilala. Lakini kuna fomu moja, namba 5472, ambayo kampuni ya LLC (aina ya kampuni ya Marekani yenye dhima yenye kikomo) ya mmiliki mmoja aliye mgeni inapaswa kuipeleka kila mwaka unapoingiza au kutoa fedha zako humo, hata kama kodi ni sifuri. Adhabu ya kuisahau ni dola 25,000. Video zinazouza usajili wa dola mia moja na kitu huwa zimeisha kabla ya kufika hapo. Estonia ni wastaarabu zaidi, na kitambulisho chao cha ukazi wa kidijitali kimekuwepo tangu Desemba 2014, ila wenyewe hawafichi kwamba hakikuhamishii ukazi wa kodi. Maamuzi yako bado yatakuwa Njiro.

Usidhani nakukataza. Wapo ambao kampuni ya huku inawafaa kweli. Mwenye mshirika anayeishi hapa na kusaini hapa. Mwenye mwekezaji ambaye hataki kusikia hisa za nchi asiyoijua sheria zake. Mwenye wateja wengi wa Uingereza, kiasi kwamba gharama ya mhasibu wa pande mbili haionekani. Wewe una wakala mmoja wa safari, yule wa Bristol, anayetaka umtengenezee mfumo wa kupokea maombi ya wageni wa Kilimanjaro. Mteja mmoja. Na kwa nilivyokusikia, hata yeye hakusema anataka kampuni ya Uingereza. Alisema anataka kulipa "kampuni inayoeleweka", na wewe ukatafsiri kwa hofu.

Kampuni ya BRELA inaeleweka. Ina namba, ina TIN (namba ya mlipakodi), jina lake linatafutwa mtandaoni kama la Cardiff. Akaunti ya fedha za kigeni kwenye benki ya hapo Arusha inapokea pauni, hoteli na makampuni ya utalii ya mji huo yanaishi kwa akaunti hizo. Ankara iwe na namba, tarehe, na maelezo ya kazi. Mkataba uwe na kurasa za kutosha kumtuliza mtu wa hesabu wa Bristol, nao nitakusaidia kuusoma, Jumapili baada ya ibada, nikiwa na chai yangu. Mwaka huu fanya hivyo. Wakifika wateja wanne au watano wa huku, tutazungumza upya, na safari hiyo utakuja na mhasibu wa Arusha anayeijua sheria ya kodi, siyo na kiungo cha video.

Leo jioni mwandikie mteja wako swali moja: je, idara yake ya malipo inaweza kuilipa kampuni iliyosajiliwa Tanzania, na inahitaji nyaraka gani? Usimpigie, mwandikie, ili jibu libaki. Ukilipata nitumie kabla hujamlipa mtu yeyote ada ya chochote.

Shangazi yako