Barua kwa rafiki wa Ujiji kuhusu neno moja la mkataba

Ng'ambo, Tabora
Jumapili jioni

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Tabora. Barua yako niliipokea Alhamisi, pamoja na nakala ya mkataba ambao mnunuzi wa mawese amewaletea kina mama wa kikundi chenu hapo Ujiji, nami nimeusoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Unaniuliza neno la Kiingereza undertake, ambalo limetokea mara mbili katika ukurasa wa pili, lina maana gani, na kwa nini kamusi yako inakupa maneno manne yasiyofanana. Swali lako ni fupi, lakini nimelichukulia kwa uzito, kwa sababu neno hilo liliwahi kunitia katika aibu ambayo hadi leo sijaisahau, na nisingependa wewe upite njia hiyo hiyo.

Nianze na vifungu vyako viwili. Katika kifungu cha 4, mwenye kitenzi hicho ni kikundi, na kinachofuata ni jina la kazi, yaani ukamuaji wa mawese. Katika kifungu cha 7, mwenye kitenzi ni mnunuzi, na kinachofuata ni kitenzi kingine kilichotanguliwa na to, yaani kulipa ndani ya siku 14 tangu kupokea mzigo. Wewe umetafsiri vyote viwili kwa neno moja: kikundi kitashughulikia ukamuaji, na mnunuzi atashughulikia malipo. Kwa kifungu cha 4 hukukosea sana. Kwa kifungu cha 7 umemwachia mnunuzi mlango wazi, kwa sababu mtu anaweza kushughulikia malipo mwaka mzima bila kulipa hata shilingi moja, na bado akadai kwamba ametimiza alichoandikiwa.

Kanuni niliyoipata kwa miaka ya kufundisha na kutafsiri ni hii. Undertake ikifuatwa na jina la kazi, kama vile safari, utafiti, ujenzi au ukamuaji, maana yake ni kuishika kazi hiyo na kuanza kuifanya, hasa ikiwa ni kazi kubwa, ya muda mrefu au yenye jasho. Mwingereza hatumii neno hilo kwa kunywa chai wala kwa kufagia uwanja. Lakini ikifuatwa na to na kitenzi, au ikifuatwa na that na sentensi nzima, maana inahama. Hapo msemaji haelezi tena kazi anayoifanya, bali anatoa neno lake kwamba jambo fulani litatendeka, na anakubali kudaiwa lisipotendeka. Maumbo ya wakati uliopita ni undertook na undertaken, yakifuata take, na hayabadilishi chochote katika maana.

Sasa nikueleze aibu yangu. Miaka kadhaa iliyopita chama kimoja cha wakulima wa tumbaku katika mkoa wetu kiliniomba nikitafsirie mkataba ambao kampuni ya ununuzi ilikuwa imeuandika kwa Kiingereza. Kampuni ilikuwa imetumia undertake ikifuatwa na to, yaani kukusanya tumbaku yote iliyofungwa, ndani ya muda uliotajwa. Mimi nikaandika kwamba kampuni "itajitahidi kukusanya". Nilidhani nimepata neno la heshima, lenye sauti nzuri mbele ya wazee. Msimu ule marobota yalikaa ghalani kupita muda, mengine yakaota ukungu, na wazee walipokwenda kudai wakaonyeshwa karatasi yangu: hapa pameandikwa kujitahidi, nasi tumejitahidi. Wakarudi nyumbani wakiamini kwamba hawana haki. Ilichukua wiki kadhaa hadi mtu mmoja alipokumbuka kuitafuta nakala ya Kiingereza, na ndipo mazungumzo yakaanza upya na mwishowe wakaelewana. Mzee mmoja alinifuata baadaye, hakunilaumu, akaniuliza tu kama katika shule nilikosoma kulikuwa na neno moja kwa mtu anayejaribu na mtu anayedaiwa. Sikuwa na jibu. Ninaamini barua hii ndiyo jibu nililopaswa kumpa.

Kujitahidi kuna neno lake katika Kiingereza cha mikataba, nalo ni endeavour. Waandishi wa sheria huyatenganisha maneno haya mawili kwa makusudi kabisa, na mfano ulio karibu nawe kuliko wote uko mkoani kwenu, kwa sababu unawahusu watu wanaoishi kambini Nyarugusu, kule Kasulu. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, katika kifungu cha 35, unasema kwamba nchi zilizouridhia zina-undertake kushirikiana na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, yaani zimejifunga. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, unapofika mahali pa kuzitaka nchi ziwapokee wakimbizi, katika kifungu cha 2, hautumii neno hilo. Unasema kwamba nchi zitafanya juhudi zote ziwezavyo, kwa kadiri inavyopatana na sheria zao. Mtu akitafsiri sehemu zote mbili kwa "zitajitahidi", amefuta kwa kalamu yake tofauti ambayo wanasheria waliipima neno kwa neno kabla ya kuweka saini.

Tena neno hili limewahi kupimwa na mahakama kubwa kuliko zote za mataifa. Mkataba wa kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari, wa mwaka 1948, unasema katika kifungu chake cha kwanza kwamba nchi zinathibitisha kuwa mauaji hayo ni kosa chini ya sheria ya kimataifa, na kwamba zina-undertake kuyazuia na kuyaadhibu. Bosnia na Herzegovina ilipoishtaki Serbia mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, ilibidi majaji waamue kama maneno hayo ni nia njema tu au ni wajibu. Katika hukumu ya tarehe 26 Februari 2007 walieleza kwamba maana ya kawaida ya undertake ni kutoa ahadi rasmi, kujifunga, kuweka rehani neno lako, kukubali wajibu. Na kwamba halikuwekwa pale kwa ajili ya kuhimiza au kutaja shabaha peke yake. Kutokana na tafsiri hiyo mahakama iliona kwamba Serbia ilivunja wajibu wake wa kuzuia mauaji ya kimbari ya Srebrenica, mji wa Bosnia, ya Julai 1995. Nakuomba uifikirie hukumu hiyo kila unapoona kitenzi hiki katika karatasi, hata karatasi ya mapipa ishirini ya mawese. Uzito wa neno ni ule ule. Kinachobadilika ni mzigo uliowekwa juu yake.

Nimetaja mzigo kwa sababu hapa Tabora siwezi kuliwaza neno hili bila kuwawaza wapagazi. Mababu zetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, yaani eneo letu hili la Tabora, hadi pwani, mtu mmoja akichukua karibu kilo 30 kichwani au begani kwa wiki na miezi, na ndiyo maana hadi leo watu husema, mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Lugha yetu ina kitenzi kutwika, anapokuwepo mtu mwingine wa kukuwekea mzigo kichwani, na ina kujitwika, unapouinua mwenyewe kwa hiari yako. Hiyo "ji" ndiyo roho ya undertake. Hakuna aliyekulazimisha, umeinama, umeinua, na kuanzia hapo mzigo ni wako hadi pale mlipokubaliana kuutua. Wahenga walilisema jambo hilo kwa njia nyingine waliposema kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Kiingereza chenyewe kimeunganisha vipande viwili, under na take, yaani chini na kuchukua. Wanafunzi wangu wengi hukisoma kipande cha kwanza kama "pungufu", kwa kuwa wamezoea underestimate, kukadiria pungufu, wakadhani undertake ni kuchukua kidogo. Sivyo. Ukitaka kuikumbuka maana, waza mtu aliyeingia chini ya mzigo ili auinue, ingawa sidai kwamba hiyo ndiyo historia ya neno. Kijerumani kina neno lililoundwa kwa mfano huo huo, unternehmen, ambalo leo likiwa jina humaanisha kampuni. Na Kifaransa kina entreprendre, kuchukua kati, ambamo ndimo limetoka neno ambalo sisi tunalitafsiri kuwa mjasiriamali. Inanifurahisha kwamba Waswahili walipolitafutia neno hilo mwenzake hawakuchagua kuchukua, bali ujasiri. Kuna ukweli ndani yake, kwa kuwa anayejitwika hujitwika kabla ya kujua njia ilivyo.

Usishangae pia ukilikuta undertaker. Zamani lilimaanisha mtu yeyote aliyeishika kazi fulani kwa ahadi. Mwanzoni mwa karne ya 17, Waingereza na Waskoti waliopewa ardhi ya Ulster, kule Ireland, kwa sharti la kuleta walowezi, waliitwa kwa jina hilo. Siku hizi neno limebaki kwa mtu anayeandaa mazishi kwa malipo, kazi ambayo kwetu hushikwa na jamaa na majirani, na kwa hiyo hatuna haja kubwa ya jina lake. Hilo halimo katika mkataba wako, tuliache.

Sasa tufike kwenye Kiswahili, ambako ndiko ulikokwama. Kuahidi ni neno zuri na ni la kweli, ila limechoka kidogo; watu wamesikia ahadi nyingi majukwaani, na mama anayesikia kwamba mnunuzi "anaahidi" anaweza kudhani ni maneno ya kumpoza. Kujitolea hakufai kabisa, kwa kuwa anayejitolea hafanyi kwa deni. Kujitwika kunanipendeza kuliko yote, lakini ni neno la mazungumzo na la ushairi, na katika mkataba msomaji atauliza ni mzigo gani. Kudhamini kunaingiza mtu wa tatu, ambaye hapa hayupo. Kujifunga ndilo neno ninalolipendekeza, kwa sharti moja, kwamba usiliache peke yake. Likiwa peke yake, mwingine atawaza kujifunga kibwebwe, ambako ni kufanya bidii, nasi tutakuwa tumerudi kule kule kwenye kujitahidi. Na kijana wa mpira atawaza timu iliyojifunga bao. Andika "anajifunga kisheria", na hapo hapana wa kupotea.

Kwa hiyo kifungu cha 4 kiwe: "Kikundi kitafanya kazi ya kukamua mawese." Hakuna haja ya maneno makubwa. Kifungu cha 7 kiwe: "Mnunuzi anajifunga kisheria kukilipa kikundi ndani ya siku 14 tangu siku aliyopokea mawese." Najua moyo utakutuma uongeze kwamba asipolipa kikundi kina haki ya kumdai. Usiongeze, kwa kuwa maneno hayo hayamo katika Kiingereza, na mtafsiri akianza kuongeza yanayompendeza, kesho mwingine ataongeza yasiyokupendeza. Hayo waeleze kwa mdomo utakapowasomea, polepole, ukitaja siku ya kuanza kuhesabu na siku ya mwisho.

Kuna jambo moja linalonitia moyo. Tangu mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama nchini mwetu, kazi hii tunayoifanya mezani kwa mwanga wa taa imekuwa kazi ya nchi nzima. Katika mahakama zinazofuata desturi ya Kiingereza, wakili anayetoa neno lake mbele ya hakimu kwa kitenzi hiki, kisha akalivunja, anaweza kuonekana ameidharau mahakama yenyewe. Neno la Kiswahili litakalokaa mahali pake lazima liweze kubeba uzito huo, na mimi ningependa lichaguliwe na watu waliowahi kuona marobota yakioza ghalani.

Nina ombi. Nakala uliyonitumia imefifia sehemu ya chini, na kifungu cha 9 sikioni vizuri. Nadhani nimeona neno guarantee, yaani kudhamini, likifuatwa na jina la mtu ambaye si mnunuzi wala si mwenyekiti wa kikundi. Kama ni hivyo, kuna mtu wa tatu anayeingizwa katika deni, na ni lazima tujue kama mwenyewe anafahamu. Tafadhali kinakili kifungu hicho kwa mkono wako, neno kwa neno, unitumie kabla kina mama hawajaweka saini, na uniambie saini ni siku gani. Barua hii inakuja na mpwa wangu anayepanda treni ya kesho. Atakaa Mwanga kwa shangazi yake, na atarudi na majibu yako.

Nisalimie mama, na umwambie kwamba dagaa alionitumia tuliwala kwa shukrani. Wanangu wanakusalimu.

Ni mimi rafiki yako,
wa Ng'ambo