Wanaotamani dikteta wasome habari za mwaka 1933

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo linanikera siku nyingi. Kila mambo yakikwama, wabunge wakigombana na bei zikipanda, hutakosa mtu wa kusema tunachohitaji ni dikteta mmoja tu wa miaka mitano anyooshe nchi, na wengine wanaitikia kabisa kwa moyo mweupe. Mimi si mwanahistoria ila nimesoma sana habari za miaka ile kabla ya vita kuu ya pili, na nikisikia hayo maneno roho inaniuma, kwa sababu ndiyo yaliyosemwa Italia na Ujerumani na waliosema hawakuwa wajinga, walikuwa watu waliochoka.

Wengi wanadhani Hitler alipindua serikali. Alijaribu, ndiyo, mwaka 1923 kule Munich, akashindwa akafungwa. Aliyemkabidhi madaraka ni rais mwenyewe, mzee Hindenburg, tarehe 30 Januari 1933, kwa sahihi tu. Na angalia hizi namba jamani, uchaguzi wa 1928 chama chake kilipata asilimia 2.6 yani hakuna kitu, halafu uchumi wa dunia ukaporomoka, wasio na kazi Ujerumani wakafika karibu milioni 6, na Julai 1932 akapata asilimia 37.3. Novemba mwaka huohuo akashuka mpaka 33.1. Alikuwa ameanza kushuka! Hapo ndipo wakubwa wakiongozwa na Franz von Papen, kansela wa zamani, wakamshawishi mzee ampe ukansela, yaani ukuu wa serikali, wakijua mawaziri wa chama chake ni watatu tu pamoja na yeye mwenyewe, na Papen akawahakikishia wenzake kwamba ndani ya miezi miwili watakuwa wamembana kwenye kona. Walitaka wafuasi wake, yeye mwenyewe waliona watammudu.

Haikufika hata mwezi. Februari 27 jengo la bunge likaungua, kesho yake ikatoka amri ya kufuta haki za raia, watu wakaanza kuzolewa usiku na magazeti ya upinzani yakafungwa. Kisha ikaja Machi 23, siku ambayo mimi siisahau ingawa sikuwepo. Bunge linakutana kwenye jumba la opera la Kroll kwa sababu lao limeungua, wanamgambo wa Hitler wenye mashati ya kahawia wamejaa ndani na nje wanawazomea wabunge wanaoingia, wabunge wote wa kikomunisti wamezuiwa, wengine wako gerezani wengine mafichoni. Mswada uliopo mezani unampa kansela uwezo wa kutunga sheria bila bunge. Chama cha Wakatoliki kimeahidiwa barua ya kuwahakikishia haki zao, barua hawaioni, wanapiga kura ya ndiyo hivyohivyo na ile barua haikuja mpaka leo. Anasimama mtu mmoja, Otto Wels wa chama cha SPD, kile cha wasoshalisti, anasema uhuru na uhai mnaweza kutunyang'anya lakini heshima yetu hapana. Kura 444 za ndiyo, 94 za hapana. Ilipofika Julai vyama vingine vyote vimeshapigwa marufuku au vimelazimika kujivunja, hata vile vilivyosema ndiyo.

Italia ni hivyohivyo na mapema zaidi. Oktoba 1922 waziri mkuu Facta alikuwa na amri tayari ya jeshi kuwazuia watu wa Mussolini, kiongozi wa Mafashisti, wasiingie Roma, mfalme akakataa kutia sahihi, na Mussolini akaja zake kutoka Milano kwa treni ya usiku kuchukua uwaziri mkuu. Miaka 13 baadaye anapeleka ndege na gesi ya sumu Ethiopia. Mfalme wake Haile Selassie alipokwenda Geneva Juni 1936 kuwaeleza Umoja wa Mataifa wa wakati ule, waandishi wa habari wa Kiitaliano walimpigia miluzi mpaka wakatolewa nje, akasubiri, akasema yake kwa Kiamhari. Mwezi uliofuata vikwazo dhidi ya Italia vikaondolewa. Na mafuta hayakuwahi hata kuwekwa kwenye hivyo vikwazo, ndio kitu kinachoniuma kuliko vyote.

Sasa kuna wanaosema sawa, lakini wakati wa vita lazima awepo mtu mmoja asiyepingwa. Si kweli. Stalin wa Urusi ya Kisovieti alikuwa hapingwi, na kati ya mamarshali wake watano aliwamaliza watatu kabla ya vita, pamoja na maofisa maelfu, na Wajerumani walipovamia Juni 1941 jeshi lake likapigwa vibaya sana miezi ya mwanzo. Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, naye alikuwa mkali lakini Julai 1942, vita imepamba moto, bunge lilikaa likapiga kura ya kutokuwa na imani naye, akashinda 475 kwa 25, akarudi kazini. Mwaka 1945 Ujerumani imeshasalimu amri, wananchi wakamtoa kwa kura, akatoka. Nyumbani kwa Hitler hakuna aliyeweza kumuuliza hata swali moja, mpaka akajiua mwenyewe ndani ya handaki, Berlin imebaki kifusi.

Ombi langu Mhariri ni dogo. Kila ikifika Septemba mnaandika kwamba vita ilianza tarehe 1 Septemba 1939 Poland iliposhambuliwa. Safari hii anzeni na ile kura ya jumba la opera, na kama nafasi inatosha mumtaje Otto Wels, aliyefia uhamishoni Paris mwezi huohuo wa Septemba 1939.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.